Nilimfuta Rafiki Yangu Daftarini

Nina umri wa miaka arobaini na sita, mke wa mtu na mama wa watoto watano, mkulima wa kata ya Mabawe wilayani Ngara. Ukikutana nami Jumapili nimevaa kitenge kilichonyooka, rozari mkononi, utasema huyu ni mama wa heshima. Usidanganyike, ndugu msomaji. Niliyoyafanya mimi, hata mbwa mwenye njaa angeyaonea aibu.

Jina langu nalihifadhi, si kwa ajili yangu bali kwa ajili ya watoto. Hapa kijijini wananiita Mama Fidelis. Wengine siku hizi hawaniiti kabisa, wananipita tu kama kisiki.

Nilikuwa na rafiki, Konsolata. Nyumba ya wazazi wake na ya wazazi wangu zilitenganishwa na mstari wa migomba. Tulichota maji pamoja, tulichapwa pamoja shuleni, na mama yangu, marehemu Theresia, ndiye aliyekuwa mama yake wa ubatizo. Alimbeba mikononi mbele ya padri, hapa hapa kwetu. Kama kuna binadamu niliyejua alizaliwa wapi, ni Konsolata.

Sasa nianze na uchafu wangu.

Jumuiya yetu ndogo ya kanisa ilikuwa inachagua kiongozi. Nilijiona nafaa. Nina sauti, najua kupanga watu, na kiti cha mbele nakipenda, kwa nini nifiche? Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Konsolata alinyooshewa mikono na karibu kila mtu. Mimi nilipata mitatu, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa wangu mwenyewe. Nilipiga makofi, nikamkumbatia, nikarudi nyumbani nikiwa na jiwe kifuani.

Je, ungeamini kwamba urafiki wa miaka arobaini unaweza kuozeshwa na mikono ya watu kumi na wanne waliokaa kwenye mkeka? Wangu ulioza.

Baadaye ukaja mkutano mkuu wa kijiji. Konsolata, ambaye wakati huo alikuwa mjane wa miaka miwili, alisimama akauliza kwa nini bonde letu limepimwa bila mkutano kuamua. Bonde hilo ndilo tunalolima maharage na mboga wakati wa kiangazi, huku juu milimani kukiwa kumekauka. Ni la kijiji, na wanaolilima ni wanawake. Mwenyekiti wa kitongoji, Sylvester, alijikohoza akasema suala liko ofisini. Konsolata akauliza ofisi ipi. Wanawake wakacheka, wakapiga vigelegele, na kabla mkutano haujafungwa walikuwa wamemwambia agombee uenyekiti.

Ngoja nikuelezee huyo Sylvester. Mfuko wa shati lake una kalamu tatu na hakuna hata moja inayoandika vizuri. Hawezi kuomba kikombe cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, bila kuanza na "kwa mujibu wa sheria". Akimwamkia mkuu yeyote kutoka wilayani anainama mpaka unahofia atang'oka kiuno, na akigeuka kwetu anakuwa simba. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyenipata mimi kwa bei rahisi kuliko zote… kwa sifa!

Alinikuta shambani napalilia. Akanisifia palizi yangu, akanisifia watoto wangu, kisha akasema anashangaa mwanamke mwenye akili kama zangu hana nafasi yoyote. Katika serikali ya kijiji kuna viti vya wanawake, akasema, na yeye angehakikisha kimoja ni changu. Ila kulikuwa na jambo dogo. Daftari la wapiga kura wa kitongoji limebandikwa, na mtu yeyote aliyemo ana haki ya kuweka pingamizi dhidi ya jina asilolitambua.

"Konsolata ana asili ya ng'ambo," alisema.

Nilimwambia hapana, amezaliwa hapa.

"Mama Fidelis, sisi wote hapa lugha zetu zinasikilizana na za ng'ambo. Nani atajua? Wewe ndiye unayemfahamu. Neno lako litakuwa na uzito."

Ndugu msomaji, ninyi wa mbali labda hamjui. Huku kwetu mpaka uko karibu. Watu wanatoka Kabanga wamebeba mafuta ya kula na sabuni, wanavuka, wanarudi jioni. Tumeoana, tumezikana, majina yetu yanafanana. Kwa hiyo ukitaka kummaliza mtu huku huhitaji sumu. Mwite Mrundi tu, kisha kaa pembeni uangalie. Kila mtu anajua ni uongo, na kila mtu anaogopa kusema hivyo mbele ya afisa, asije akaulizwa yeye bibi yake alitoka wapi.

Niliukubali. Hakunishikia panga, hakunilazimisha. Alikuwa na karatasi imeshaandikwa. Nimemaliza darasa la saba, kusoma najua vizuri, lakini nilisoma mstari wa kwanza tu wenye jina lake, nikaona aibu kuendelea. Kalamu yake ya kwanza haikuandika, ya pili haikuandika, ya tatu ikaandika. Hata kalamu ziligoma mara mbili, mimi nikaona ni mkosi wa kalamu!

Siku ya pili yake Konsolata alikuja kwangu. Alikuwa ameitwa ofisi ya kata na kuambiwa jina lake lina pingamizi, athibitishe uraia ndani ya siku mbili. Aliyeweka hakutajiwa. Wazazi wake ni marehemu. Cheti cha ubatizo kilikuwepo, lakini wakamwambia kinaonyesha alipobatizwa, si alipozaliwa. Alihitaji mtu wa kumshuhudia.

Alikaa kwenye jiko langu, akachukua kisu akanisaidia kumenya ndizi, maana hakuwahi kukaa kwangu mikono mitupu.

"Twende wote kesho," aliniambia. "Wewe ndiye unayenijua."

Nilimwambia nina homa.

Akanishika paji la uso. Akasema kweli kuna joto, nipumzike, atatafuta mtu mwingine. Akamalizia ndizi zangu zote, akaondoka… Joto lile lilikuwa la moto wa jikoni. Nimejiuliza mara nyingi ni mwanamke wa aina gani anayekubali kupewa pole na mtu anayemzika. Jibu ninalo, na linanuka.

Mtu mwingine hakupatikana. Wale waliompigia vigelegele kwenye mkutano waligundua ghafla kwamba wana msiba Rulenge, wana mgonjwa hospitali, wana mbuzi amepotea. Siwatetei. Waoga hawapungui katika kijiji chetu, tungekuwa tunawauza mnadani tungekuwa matajiri.

Jina la Konsolata lilifutwa. Aliyefutwa kwenye daftari hawezi kugombea, kwa hiyo Sylvester alibaki peke yake na kutangazwa amepita bila kupingwa. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho ujinga wangu haukuwa umenionyesha. Nilidhani nimemfuta mwanamke mmoja, kumbe nimefuta kura ya kitongoji kizima. Siku ya uchaguzi bibi mmoja jirani, asiyeona vizuri, alijikongoja hadi kituoni na gauni lake la sikukuu. Nilikuwepo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniomba nimwonyeshe foleni iko wapi. Nikamwambia hakuna foleni, bibi, mwenyekiti ameshapatikana. Akauliza kapatikana vipi na yeye bado hajapiga kura.

Na kile kiti nilichoahidiwa? Alipewa shemeji yake Sylvester. Nilipomkumbusha, alisema kwa mujibu wa sheria nafasi zimejaa.

Konsolata mambo yake yaliharibika haraka. Ndugu wa marehemu mumewe walisikia kwamba ni mgeni, na wakasikia vizuri kwa sababu walikuwa wanalitaka shamba lake la migomba. Wakasema mgeni harithi ardhi ya ukoo. Watoto wake wakaanza kuitwa majina shuleni. Kabla ya Pasaka alifunga mizigo, akaenda kwa shangazi yake Kaniha, wilayani Biharamulo. Sikwenda kumuaga. Nilisimama nyuma ya nyumba nikisikiliza pikipiki inavyoondoka na magodoro yake.

Kiangazi kilipofika tulishuka bondeni na majembe. Tukakuta vigingi, na mtu wa Sylvester anapanda mikaratusi, miti inayokunywa maji kama mlevi. Kipande changu kilikuwa katikati. Nikaenda kwa mwenyekiti na hasira zangu zote. Nilipandisha sauti hadi majirani wakatoka.

Sylvester hakupandisha sauti. Aliingia ndani, akatoka na nakala ya karatasi, akaniambia nisome, safari hii yote.

Nilisoma. Iliandikwa hivi, na chini kuna sahihi yangu: "Ninamfahamu Konsolata kwa sababu familia zetu mbili zilivuka pamoja kutoka ng'ambo na kujenga jirani."

Familia zetu mbili… Zilivuka pamoja!

"Umeandika mwenyewe kwamba wewe ni mgeni," alisema Sylvester. "Mgeni hana kipande bondeni. Ukiendelea kupiga kelele nitaipeleka mbele."

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba, nikajitengenezea na ngazi ya kushukia. Nilinyamaza, lakini hata kunyamaza hakukunisaidia. Daftari lilipokuja kuboreshwa kwa ajili ya uchaguzi mkuu, nilikwenda kituoni na mume wangu. Yeye akapita. Mimi nikaambiwa nina pingamizi, kwa karatasi ile ile, nilete shahidi anayejua nilipozaliwa.

Mama yangu kaburini, baba kaburini. Majirani nao wakapata misiba yao, wagonjwa wao na mbuzi wao waliopotea. Kwa nini wanisaidie? Nilikuwa nimewafundisha mimi mwenyewe jinsi ya kukaa kimya. Fidelis, mwanangu mkubwa, alikuwa anafuatilia kitambulisho cha taifa, naye akaambiwa asubiri, suala la mama yake bado.

Alibaki mtu mmoja tu duniani aliyejua nilizaliwa wapi.

Nilipanda gari la Biharamulo, nikafika Kaniha mchana. Konsolata alikuwa uani anapukuchua mahindi na shangazi yake. Aliponiona hakusimama. Shangazi alinikaribisha kigoda, akaniletea maji na ugali, akaondoka. Nilieleza yote, kuanzia mikono mitatu ya jumuiya hadi homa ya uongo. Nililia. Yeye aliendelea kupukuchua.

"Nilijua," alisema. "Afisa alinionyesha sahihi siku niliyorudi ofisini bila shahidi. Nilikuja kwako jioni nikakuangalia tu kutoka barabarani, ulikuwa unaimba."

Nilichukua hindi moja, nikaanza kupukuchua naye.

"Nitakuja," akasema. "Si kwa ajili yako. Mama Theresia alinibeba mbele ya padri. Siwezi kuacha wamwite mgeni naye hawezi kujibu. Lakini wewe utasimama kwanza. Useme ulichofanya, mbele ya wale wale."

Nilisimama. Ofisi ya kata ilijaa mpaka madirishani, maana habari za aibu hazihitaji mbiu. Nilisema kwamba nilitia sahihi uongo, nikasema kwa nini. Nilipofika kwenye kiti cha wanawake, kuna aliyecheka, na mzee mmoja alitema mate nje ya dirisha. Sylvester akasema yeye alipokea tu karatasi kwa mujibu wa sheria. Hakuna aliyemcheka yeye, kwa sababu bado ndiye anayegonga mihuri. Ndivyo tulivyo.

Kisha Konsolata akasimama. Alitaja nyumba tulizozaliwa mimi na yeye, migomba iliyokuwa katikati, na aliyewazalisha mama zetu. Dakika chache tu. Pingamizi dhidi yangu likatupwa, na lile dhidi yake pia. Tulipotoka nilimfuata nikamwambia sasa arudi, tutamsimamisha tena, safari hii hatutamwacha.

"Mimi nimeshahamishia jina langu Kaniha," alijibu, akapanda pikipiki.

Huko Kaniha, nimesikia, wamempa kamati ya maji. Wameona kwa misimu miwili kile ambacho sisi tulikitazama miaka arobaini tukakitupa.

Ndugu zangu wasomaji, sina hekima ya kuwapa, kwa sababu mwenye hekima angesoma karatasi hadi mwisho. Nawaomba tu. Daftari likibandikwa, nenda ukaangalie jina lako, kisha angalia la jirani. Akiitwa ofisini, mguu wako utangulie. Na akija mtu kukuomba uandike kwamba fulani si mwenzetu, mfukuze na jembe, hata kama anakusifia palizi.

Uchaguzi wa vitongoji ulirudi baada ya miaka yake mitano, na safari hii Sylvester alipata mpinzani, binamu yake. Nilipanga foleni tangu asubuhi. Jina langu lilikuwepo, limeandikwa sawasawa. Nikapewa karatasi, nikaingia pale pa siri, nikasoma kila mstari kutoka juu hadi chini. Nilisoma tena. Aliyefaa kuchaguliwa hakuwemo, na aliyemtoa ni mimi.