Pindo la Shibiri Mbili

Kila asubuhi Mama Pindo aliwasha taa ili aone tundu la sindano. Nje jua lilikuwa limeshapanda, lakini ndani ya chumba chake halikufika. Dirisha lilitazamana na ukuta wa jirani. Ukinyoosha mkono, unaugusa. Basi cherehani ilikaa chini ya taa, naye akakaa mbele ya cherehani, akiwashonea watu wenye madirisha yao.

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja. Pindo la nguo likienda upogo hata kidogo, alilifumua lote. Mumewe, mwoka mikate, alizoea kumtania: "Mke wangu, nikikuachia unga, hata mkate utaupiga pindo."

Dirishani lilining'inia pazia la kijani alilorithi kwa mama yake. Mama yake naye alikuwa fundi. Chini ya pazia hilo palikuwa na pindo nene, la shibiri mbili.

"Pazia la mpangaji liachie pindo kubwa, mwanangu," mama yake alimfundisha. "Leo dirisha fupi, kesho dirisha refu. Utapandisha, utashusha."

Mama mtu alihama nyumba saba, na hakuwahi kupata yake. Mama Pindo na mumewe walikuwa wamehama tano. Kila walipohama, pindo lilifumuliwa na kushonwa upya, na kila mara sindano iliacha mstari wa vitundu. Ukiliinua pazia lile kwenye mwanga, unaweza kuhesabu nyumba zote. Mama Pindo alikuwa akifanya hivyo wakati mwingine, mumewe akiwa kazini. Alihesabu mpaka kumi na mbili, kisha akaliacha lianguke.

Siku moja mwenye nyumba alibisha hodi. Alikuwa mtu wa heshima zake, hakuja kwa ubaya.

"Mwanangu anaoa," alisema. "Nataka akae karibu nami. Nawapa miezi mitatu, tafadhali."

Alipoondoka, Mwoka aliketi kitandani, viatu vikiwa bado vina unga.

"Sasa basi," alisema. "Safari hii tununue. Akiba tunayo kidogo. Mpaka lini tutaishi kama mizigo?"

Moyo wa Mama Pindo ulikuwa umeshajibu.

Dalali akapatikana upesi, kama kawaida ya madalali. Jumapili aliwapeleka kwenye mji mdogo unaokua kando ya jiji. Huko kila upande palikuwa na matofali, kokoto na mabati mapya yanayong'aa. Barabara zilikuwa za vumbi, lakini pana. Dalali alisimama mbele ya nyumba yenye mlango wa buluu.

"Karibuni kwenu," alisema, kana kwamba wameshanunua.

Nyumba ilinukia rangi mpya. Ilikuwa na vyumba vitatu, na chumba cha mbele kilikuwa na dirisha linalotazama mawio ya jua. Lilikuwa dirisha pana kweli. Mwanga ulijaa sakafuni mpaka ukapanda ukutani upande wa pili. Mama Pindo alisimama katikati ya mwanga ule akaona cherehani yake imekaa pale. Akajiona anashona bila taa. Akamwona mama yake, marehemu, ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, anapasha miguu joto. Machozi yakamlenga.

Alivua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake akalipima dirisha. Alipima marefu, akapima mapana, akarudia. Hakupima kitu kingine chochote.

"Mama ameshapenda!" dalali alicheka. "Lakini msichelewe. Kuna daktari mmoja anaitaka hii nyumba kufa na kupona. Ijumaa nileteeni malipo ya kwanza, niwashikie."

"Ijumaa tutakuja," alisema Mwoka.

Jumatano, Mama Pindo alilitandaza pazia la kijani mezani. Vipimo vya dirisha alivikumbuka kichwani. Nyumba ya mtu mwenyewe haihitaji pindo la shibiri mbili. Alishika mkasi.

"Hodi humu ndani!"

Alikuwa Bi Mita. Watu walimwita hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji, nyumba kwa nyumba, jua na mvua. Hakuna kona ya jiji wala ya vitongoji vyake ambayo miguu yake haikuijua. Mkononi alibeba kitambaa kipya cha khaki.

"Nishonee suruali ya kazi, dada. Hii niliyovaa imechoka kuliko mimi. Ikate leo, kesho niichukue."

"Kesho haiwezekani," alisema Mama Pindo. "Kitambaa hiki lazima kwanza nikiloweke, kikauke, ndipo nikikate. Khaki husinyaa. Nikiikata kavu, ukiifua mara moja tu suruali itakuwa kaptula."

"Lakini naiona nzuri tu!"

"Kitambaa kipya chote kinaonekana kizuri. Tabia yake utaijua kikishaloa."

Bi Mita alicheka akakubali. Kisha akauona mkasi na pazia. Mama Pindo hakuweza kunyamaza tena. Alimsimulia yote: mlango wa buluu, rangi mpya, dirisha na mwanga wake. Alisimulia kama msichana anayemsifu mchumba.

"Iko upande gani?" Bi Mita aliuliza.

"Bondeni, karibu na kiwanda cha matofali."

Bi Mita akavuta kiti.

"Dada, mimi si dalali, na sitaki kuivunja ndoto ya mtu. Nakuuliza tu. Hiyo nyumba umeiloweka?"

"Nyumba inalowekwaje?"

"Wewe khaki ya suruali moja huikati mpaka uione imeloa. Nyumba ya maisha yako yote umeiona mara moja, Jumapili, wakati wa kiangazi, tena na dalali pembeni. Umeikata kavu."

Mama Pindo aliuweka mkasi mezani.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza.

"Kwanza, irudie siku ya mvua. Uone maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Pili, nenda siku ya kazi, asubuhi na mapema, saa ambayo shemeji anaondoka kwenda kazini. Jumapili kila mahali ni karibu. Tatu, waulize majirani, dalali akiwa hayupo. Waulize maji ya bomba yanatoka siku ngapi kwa wiki. Mimi naona mita nyingi huko ambazo mwaka mzima hazijasogea."

"Na hati je? Dalali alinionyesha karatasi."

"Karatasi hata mimi naweza kukuonyesha. Chukua namba ya kiwanja uende ofisi ya ardhi. Waulize: kiwanja hiki ni cha nani? Kina kesi? Kimewekwa rehani? Kuna barabara itakayopita juu yake? Tena hakikisha kama muuzaji ana mke au mume, naye amekubali. Kabla ya hapo, usitoe hata senti."

"Daktari ataichukua!"

"Kizuri chajiuza, dada. Kibaya chajitembeza."

Jioni Mama Pindo alimweleza mumewe. Mwoka hakufurahi.

"Mvua? Tukae tunangoja mvua? Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka haina baraka."

"Nyumba umeipenda mwenyewe! Nilikuona. Ulikuwa unalia."

"Nimeipenda," alisema Mama Pindo. "Naipenda mpaka naogopa kuiangalia vizuri. Ndiyo maana nataka tuiangalie."

Mwoka alimtazama mkewe. "Basi tuiangalie," alisema.

Ijumaa walimwambia dalali wasubiriane. Dalali alinuna na kusema daktari anakuja kesho yake. Siku zile zilikuwa ndefu kwa Mama Pindo. Kila gari likipita aliwaza, huyo ni daktari anahamia kwangu. Alishona sare za shule nzima huku roho yake ikiwa bondeni, dirishani.

Wiki ya tatu mvua ikanyesha. Ilinyesha kutwa. Asubuhi yake walikwenda wawili, bila dalali, wakiwa na buti za mpira za kuazima. Barabara pana ya vumbi ilikuwa mto wa matope. Mlango wa buluu ulikuwa umesimama ndani ya maji. Yule daktari hakuwa ameinunua nyumba. Labda hakuwahi kuwapo.

Mama Pindo alichungulia dirishani. Maji yalikuwa yametanda sakafuni, pale pale palipojaa mwanga. Rangi mpya ilikuwa imeanza kubanduka ukutani, usawa wa goti. Chini yake ulionekana mstari wa matope ya zamani, na chini ya mstari huo mstari mwingine. Aliitambua mistari hiyo. Pazia lake lilikuwa nayo.

Mwanamke wa nyumba ya pili alikuwa akichota maji sebuleni kwake kwa beseni.

"Mnainunua hiyo?" aliuliza. "Wanne wamehamia, wanne wamehama. Sisi tungepata pa kwenda tusingekuwepo."

Mama Pindo alilia palepale, ndani ya buti za watu. Hakulilia nyumba tu. Alimlilia na mama yake, ambaye tayari alikuwa amemweka kitini karibu na dirisha lile. Mwoka alimshika bega.

"Nisamehe," alisema. "Ningetuzamisha."

Miezi mitatu ilikuwa inaisha. Bi Mita akawapa shauri jingine.

"Mji ni mzuri, unakua. Msiukimbie. Kapangeni kwanza kule mlimani. Mkae masika yote, muujue. Anayekaa mahali haulizi dalali."

Wakahamia mlimani, chumba kimoja cha kupanga. Mama Pindo akalifumua pindo, akalishona tena. Ukawa mstari wa kumi na tatu. Mkono wake ulikuwa mzito siku ile.

Lakini walijifunza. Mwoka alijua kwamba kutoka pale hadi kwenye tanuri la mikate ni mwendo wa saa nzima, na kwamba anaumudu. Mama Pindo alijua siku za maji na njia zisizo na matope. Wateja wapya wakamjua. Alijua pia kwamba mzee mmoja wa mtaa, seremala, alitaka kuuza nyumba yake ndogo ahamie kwa wanawe.

Safari hii waliiloweka. Waliitazama mvua ikiipiga, wakaingia na kupapasa kuta kwa viganja. Zilikuwa kavu. Walikwenda ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja, wakaambiwa hati ni ya seremala kweli, haina kesi wala rehani, na hakuna barabara inayopita. Wakangoja siku kumi mke wa seremala arudi kutoka safari, atie saini yake kando ya mumewe. Hapo ndipo wakalipa, mbele ya wakili na mashahidi. Hati mpya ikaandikwa majina mawili, la Mwoka na la mkewe.

Nyumba ina vyumba viwili tu. Dirisha la mbele linatazama mawio, lakini ni jembamba. Ukweli usemwe: hata leo Mama Pindo akipita bondeni wakati wa kiangazi, hugeuka kulitazama lile dirisha pana, akatulia kidogo, kisha akaendelea na safari yake.

Siku waliyohamia, Mwoka alipanda juu ya kigoda kupima pazia la kijani. Baada ya kuhama mara saba na fundi, naye alikuwa ameshajifunza kazi.

"Linazidi kwa chini," alisema. "Nilikunje? Shibiri mbili, kama kawaida?"

Mama Pindo aliliteremsha pazia akalitandaza mahali pa mwanga. Akavipitisha vidole vyake juu ya mistari ya vitundu, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

Kisha akachukua mkasi, akalikata pindo lote. Akaketi kwenye cherehani, taa ikiwa imezimwa, akalishona jipya. Lilikuwa na upana wa kidole kimoja.