Gitare ya Évariste

Apa usimwambie muntu! Minye pia niliapa kwa Joëlle, lakini mudomo unaniwasha.

Bwana ya Joëlle, Hervé, ule mupiga muziki ya metal, alichukua gitare ya umeme ya marehemu shemeji yake Évariste, kaka ya Joëlle, mbele ya matanga kuisha. Joëlle alikuwa amemuonya: “Ukiigusa, papa Hervé, narudia kwetu.”

Siku ya konseri, mchana, walifunika madirisha ya salle, ile nyumba ya muziki, na mapazia nyeusi. Hervé alipiga mpaka kuta zilitetemeka. Mara courant ya umeme ikakatika. Giza tii. Mikrofoni zikanyamaza, ngoma ikanyamaza. Gitare ikaendelea kunguruma.

“Hervé, acha basi!” mupiga ngoma akalalamika.

“Minye sipigi!”

Telefone zikawaka. Joëlle alikuwa amesimama mulangoni. Watu wote wakamuona Hervé na gitare ile shingoni, mikono yote mbili juu, na nyuzi zikivutwa moja moja.