Vifungo vya Kitinda

Kila asubuhi kabla ya chai, mama alitunga vifungo kwenye uzi. Alikuwa fundi cherehani, kwa hiyo vifungo havikukosekana nyumbani. Cheupe kilikuwa hesabu, chekundu kusoma, na kile kikubwa cha koti mapumziko. Kitinda, mtoto wa mwisho, alivishika kimoja kimoja akivitaja. Somo likiisha darasani, alisogeza kifungo upande wa pili wa uzi. Ndivyo alivyoijua siku yake. Bila vifungo, aliogopa kama mtu aliyefungwa macho barabarani.

"Kitinda, twende bwana, tutachelewa!" Dada yake wa darasa la sita aliita kutoka mlangoni.

"Cheusi?" Kitinda aliuliza, kama kawaida.

"Cheusi ni nyumbani."

Hapo ndipo alipokubali kuvaa viatu.

Siku hiyo kengele ililia katikati ya somo la kusoma. Wakaguzi walikuwa njiani, na shule nzima iliamriwa kutoka kufagia uwanja. Kitinda hakuinuka, kwa kuwa chekundu kilikuwa bado hakijasogea. Dada, akipita dirishani na ufagio, alimwona mwalimu wa nidhamu amemsimamia.

"We mtoto, masikio umeyaacha nyumbani? Hebu lete hiyo midoli!"

Akauvuta uzi, ukakatika. Vifungo vilitawanyika sakafuni. Kitinda akapiga ukelele, akamsukuma mwalimu kwa nguvu zake zote hadi mwalimu akajigonga kwenye dawati.

Wasichana waliokuwa karibu na Dada wakaangua kicheko. "Mwenzetu," mmoja akamnong'oneza, "mdogo wako leo amefungua duka la vifungo?"

Dada alijua fika kwamba vile havikuwa vitu vya kuchezea. Angeingia, angesema. Lakini aibu ilimvaa na ulimi ukamganda. Akainama, akaendelea kufagia.

Jioni wazazi waliambiwa: Kitinda amempiga mwalimu, asirudi, atafutiwe shule nyingine. Shule nyingine ya kumpokea haikuwepo karibu, na kila mtu alilijua hilo.

Nyumba ikapoa kama yenye msiba. Baba, fundi wa kuchomelea vyuma, aliacha utani wake wa mezani. Kitinda alijikunyata chini ya cherehani, akipapasa uzi mtupu.

"Mtoto huyu hata sisimizi humpisha njia," baba alisema. "Wewe hukuona chochote?"

Dada alifungua daftari lake. "Nilikuwa nafagia, baba."

Kesho yake walikwenda wote ofisini kwa mwalimu mkuu; mwalimu wa nidhamu naye alikuwepo. Mvua ilivuja darini, ikidondoka ndani ya ndoo pembeni. Mama alianza kwa neno lake la siku zote: "Mtusamehe, walimu wetu."

"Mama watoto, ngoja kwanza," baba alisema. "Mwalimu mkuu, tunataka kujua. Kabla mwanangu hajamsukuma mtu, alifanywa nini?"

"Aliambiwa atoke, akagoma," mwalimu wa nidhamu alijibu. "Sheria ni moja kwa watoto wote."

Kitinda, aliyekuwa amejificha nyuma ya kiti cha mama, akauliza taratibu, "Chekundu?"

Hapo Dada alishindwa kuvumilia. Machozi yakimtoka, alisema yote: siku iliyobadilika bila Kitinda kuambiwa, uzi uliovutwa, kicheko cha wenzake. "Na mimi nilikuwepo. Niliona haya kuwa dada yake, nikanyamaza."

Mwalimu wa nidhamu akatia mkono mfukoni, akatoa kifungo chekundu. "Nilikiokota jana," alisema kwa sauti ya chini. "Sikujua ni cha nini, na sikuuliza."

Mwalimu mkuu alishusha pumzi. "Kitinda atarudi leo. Ratiba ikibadilika, yeye ataambiwa kwanza." Akamgeukia Dada. "Na wewe, mwanangu, kumbuka: ukificha ukweli kwa kuogopa kuchekwa, anayeumia ni yule asiyeweza kujisemea. Hata sisi walimu tumejifunza. Kabla ya kumwadhibu mtoto, umjue."

Mwalimu wa nidhamu akamgeukia mama. "Nisamehe, mama."

Mama alifungua mdomo, na wote wakadhani atasema tena neno lake. Alimvuta Kitinda akampakata, akainua uso.

"Miaka yote hii nimekuja hapa nikisema mtusamehe," alisema. "Sikuwa namaanisha hivyo. Nilitaka kuwaambieni kwamba mwanangu si kosa la kuombewa msamaha."