Unywele wa Amiri

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shambani, Mama Zaina alimwachia binti yake Sabaha konzi mbili za karanga. Kazi ya Sabaha ilikuwa kuzitwanga, kuzitia kwenye uji wa muhogo, kisha kumnywesha mdogo wake Amiri wa miaka miwili. Ndipo aende shule.

Lakini kutwanga kunachosha, na karanga za kukaanga ni tamu. Basi Sabaha alizikaanga akazila njiani, na Amiri akanywa uji mtupu. "Nimetia, mama," alisema kila jioni, macho makavu kabisa.

Mwaka huo wa 1949, matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza yalikuwa yakifyeka mapori ya Nachingwea. Muungurumo wake ulifika mpaka kwao Mkotokuyana. Amiri alipovimba miguu na nywele zake kugeuka rangi ya kutu, Bibi yao alitikisa kichwa. "Wameng'oa miti ya makaburi yetu. Wazee wamekasirika, wanamtaka mtoto huyu."

Sabaha aliogopa wafu, lakini aliogopa zaidi macho ya Amiri. Mtoto hakulia tena wala kucheza. Alikaa kizingitini akimtazama dada yake tu. Sabaha akitafuna, aliyaona macho yale. Akiinama darasani kuandika, aliyaona. Hata hivyo hakusema.

Jioni moja alikuja mzungu mwembamba, Bwana Lajos, mkemia kutoka Hungaria. Kabla ya vita alikuwa na maabara yake huko kwao. Sasa alipima karanga za mradi, na siku hiyo alipita vijijini kutafuta mbegu. Alipomwona Amiri, aliweka mfuko wake chini. Akashika unywele mmoja wa mtoto. Ukatoka wenyewe, na Amiri hakushtuka.

"Mama," alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "miaka ishirini mimi nasoma kitu kimoja, protini. Inajenga nywele, inajenga nyama. Iko kama mnyororo, pete kwa pete. Mtoto huyu hana pete. Anakula nini?"

"Uji wa karanga kila siku, bwana. Muulize Sabaha."

Wote wakamgeukia. Amiri naye.

"Nilizila mimi," Sabaha akasema, akaangua kilio. "Zote nilizila mimi."

Mama Zaina aliketi chini, akamvuta Amiri mapajani. Bwana Lajos alichuchumaa mbele ya Sabaha.

"Nilikuwa na binti, Ilona," alisema. "Wakati wa vita mji wetu haukuwa na chakula. Mnyororo wote nilijua, lakini punje moja ya kumpa sikuwa nayo. Alinitazama hivi hivi. Mpaka leo ananitazama." Akamshika Sabaha bega. "Wewe punje unazo. Leo mpelekeni zahanati. Kesho, twanga."

Zahanati walimpa Amiri maziwa. Sabaha naye alitwanga kila alfajiri hadi viganja vikatoka malengelenge. Wiki ya tano alichelewa kuleta bakuli, Amiri akapiga kelele za hasira mpaka majirani wakachungulia. Mama Zaina alicheka huku machozi yakimtiririka.

Bibi akamwita Sabaha. "Mjukuu wangu, nimewasingizia wafu bure, kumbe mwizi yumo jikoni. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hiyo yako ilibaki kidogo ifike makaburini. Ukikosa, sema siku hiyo hiyo."

"Nimesikia, Bibi."

Tangu hapo Sabaha hakuonja karanga kabla Amiri hajashiba. Na hata baadaye, alipokuwa mtu mzima, kila alipotaka kuzitia kinywani alitazama kwanza kizingitini.