Kengele ya Mti na Ushahidi wa Jovina

Asubuhi ile wanafunzi wa darasa la saba, katika kijiji kimoja cha ujamaa huko Runazi, walifagia uwanja huku wakipiga domo. Jana yake gari la sinema lilikuwa limefika, na nani angenyamaza? Filamu waliyoonyeshwa ilitokana na riwaya ileile ya zamani waliyokuwa wakiisoma na Mwalimu Emilian.

Jovina ndiye aliyezidi. Alipanda juu ya tofali akanyoosha kidole kama yule shahidi mahakamani. "Ndiye huyu! Nilimwona kwa macho yangu!"

Wenzake wakashangilia. Jioni angesema hivyohivyo mbele ya baraza la kijiji! Mbuzi walikuwa wamekula mahindi ya shamba la ujamaa, naye alishatangaza kwamba aliwaona, na kwamba walikuwa wa Mzee Ndikuriyo, mkimbizi kutoka Burundi. Mzee akionekana ana hatia, angenyang'anywa mbuzi wake wawili, na hakuwa na wengine.

Darasani, Mwalimu alimwambia Generoza asome sura ya mahakama. Kumbe kitabuni shahidi hakunyoosha kidole. Hakimu alipombana alijibu, "Sikumwona, mheshimiwa. Nilisikia hatua zake, nikadhani ni yeye."

"Mwalimu, mbona jana kwenye sinema shahidi alisema amemwona?" Generoza aliuliza.

"Wenye sinema wamebadilisha. Kidole kinapendeza kukitazama. Haya, mshtakiwa wa kwenye sinema alifanywaje?"

"Alifungwa!"

"Na wa kitabuni?"

"Aliachiwa."

Jovina alijitambua katika shahidi wa kitabuni. Yeye naye hakuona kitu. Alisikia tu kengele ya mti, ile wanayovishwa mbuzi shingoni, ikilia katikati ya mahindi, na mchonga kengele hizo alikuwa Mzee Ndikuriyo. Mengine yote alitia chumvi.

Jioni watu walifurika barazani.

"Shikamoo, Mwenyekiti," Jovina alisema.

"Marahaba, mwanangu. Tueleze ulichoona," alisema Mzee Anastazi.

Generoza alimkonyeza, akingoja kidole. Jovina aliibana mikono yake ubavuni.

"Sikuona mbuzi. Nilisikia kengele ya mti tu. Naombeni mnisamehe."

Watu waliguna. Mzee Ndikuriyo akainuka. "Kengele yangu ilipasuka zamani, hailii tena. Nyingine niliyochonga ni moja tu, ya Mwenyekiti."

Shingo zote ziligeuka! Mzee Anastazi alijikuna kidevu, kisha akacheka mwenyewe. "Kweli, beberu wangu alikata kamba siku ile, na wenzake wakamfuata. Basi kesho nitapanda upya mahindi yale kwa jembe langu."

Baraza lililipuka kwa vigelegele. Mzee Ndikuriyo alimshika Jovina mkono kwa mikono yake miwili. "Urakoze, mwana wanje," alimshukuru kwa Kirundi, machozi yakimlengalenga.

Jovina alijawa na furaha kuliko siku ya sinema.

"Na kidole je?" Generoza alinung'unika.

"Kitatufaa tukiigiza filamu," Mwalimu Emilian alisema akitabasamu. "Barazani, kama ulisikia, sema ulisikia. Leo mbuzi wawili wamelala kwao kwa sababu Jovina alisema hivyo."