Poda ya Mama Élisabeth

Kila asubuhi, Héritière na mama yake, Élisabeth, walipanga foleni ya maji pale mtaa wa Katoyi, mjini Goma. Héritière hakuichukia foleni. Hapo ndipo alipoota, na ndoto hiyo alimsimulia mama yake. Aliyaona maji yakipanda yenyewe juu ya mawe meusi ya volkano, yakiingia nyumba hadi nyumba. Alikuwa amepata diploma ya sekondari, na alitamani sana kuwa injinia wa maji.

Mama naye alikuwa na ndoto. Alinunua kopo la poda, akalificha kabatini. Goma, mtu akimaliza chuo, ndugu hummwagia poda nyeupe mpaka kwenye kope. Mama aliiota siku hiyo hata akiosha sufuria.

"Utasoma kwa ile université ya vioo," alisema Mama. "Uliona toga zabo, yale majoho ya kumaliza chuo? Na fanfare ya tarumbeta mbele! Ile njo université."

"Na ile ya Keshero, Mama?"

"Ile ya mabati? Nani atatuona?"

Msimcheke. Wazazi wengi tunachagua chuo hivyo, kwa siku ya kuhitimu, si kwa siku za kusoma.

Jirani yao Charline, injinia wa umeme, alikuwa nyuma yao kwenye foleni na bidoni lake la maji.

"Mama Élisabeth, toga banavalaka siku moja. Siku zingine zote, mutoto atafanya nini?"

"Si atasoma?"

"Muende siku ya kawaida. Muone atelier, karakana yabo, muangalie mikono ya banafunzi. Tena muulize, arrêté ya ministre, ile karatasi ya ruhusa, iko wapi? Filière ya mutoto, ile masomo anataka, iko ndani? Chuo inaweza kuwa na ruhusa ya kufundisha droit, ile ya sheria, na haina ya uinjinia. Diploma ya vile, bataikataa kwa kazi."

Mama aliogopa. Nyumbani palikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja tu.

Wakaenda. Kwenye chuo cha vioo sakafu iling'aa, lakini mashine zote zilifunikwa plastiki.

"Tunazifungulaka siku ya bageni," alisema kijana wa mapokezi.

"Na arrêté ya uinjinia?"

"Iko njiani, mama."

Keshero, mvua ilipiga mabati. Arrêté ilibandikwa ukutani, na filière ya maji ilitajwa. Atelier ilikuwa na pampu moja. Wanafunzi waliizunguka, mikono imejaa grisi mpaka viwiko.

"Shika hapa, dada," mmoja alimwambia Héritière. "Fungula."

Alifungua. Maji yakapanda bombani polepole, kama mtu anayeamka, yakamwagika katika pipa la juu. Héritière akalia.

"Kwa ndoto yako inapandaka vile?" Mama aliuliza.

"Vile vile, Mama."

Mama alitazama tena ile mikono yenye grisi. "Basi utasoma hapa," alisema.

Mwaka wa pili, Héritière, wenzake na mwalimu wao walifunga pampu ndogo ya jua na mabomba katika mtaa wao. Asubuhi moja robine ya uani, koki ya bomba jipya, ilikohoa, ikatema hewa, kisha maji yakaja. Majirani walisimama wakiyatazama tu, kana kwamba wote bado wamelala.

Mama alikimbia ndani. Akatoka na kopo.

"Mama, sijamaliza! Toga bado!"

"Toga itatukuta hapa," alisema Mama, machozi yakimtoka. "Leo maji imefika."

Akammwagia Héritière poda yote kichwani.