Kipima Kina cha Siagi

Duka la vipuri vya vyombo vya majini saa sita mchana halina adabu. Watu wamebanana kwenye kaunta, huyu anataka nati, yule anataka kamba, na wa tatu hajui anataka nini ila sauti yake ndiyo kubwa kuliko zote. Katikati ya msongamano huo alisimama mwoka mikate mmoja, kijana mrefu mwenye unga nyuma ya sikio, amekumbatia skrini ndogo iliyofungwa kwenye taulo. Gatini walimwita Siagi, kwa sababu ya kazi yake, na kwa sababu hakuwahi kugombana na mtu.

"Hiki hakifai tena," mwenye duka alimwambia bila hata kufungua taulo. "Nunua kipya."

"Usinunue," ikasema sauti ya kike nyuma yake.

Siagi akageuka. Alimwona dada wa ovaroli ya buluu iliyokunjwa mikono, kitambaa chekundu kichwani, kucha fupi, na macho yanayokufanya ujikague vifungo vya shati. Alikuwa fundi wa umeme, amekuja kununua fyuzi.

"Kinasumbua nini?" aliuliza.

"Ni kipima kina, dada. Mimi na dada yangu tuna mashua ya tanga, tumeachiwa na mjomba. Jana kikaniambia maji ni mita themanini. Nikainua macho, nikaona mtu amesimama pembeni, maji yamemfika kiunoni, ananisalimia."

Fundi alicheka mpaka mwenye duka akanuna.

"Sasa umeleta skrini peke yake. Hiyo ni mdomo tu, kaka. Inasema ilichoambiwa. Sikio liko tumboni mwa mashua. Linatuma mlio chini, linangoja mwangwi urudi, ndipo linahesabu."

"Kwa hiyo nikuletee mashua hapa dukani?"

"Nipeleke ilipo. Na ujipanguse, una unga sikioni."

Siku ileile Fundi alishuka ndani ya mashua, akalala kifudifudi na tochi mdomoni, akakuta plagi ya waya imeota kutu ya kijani. Akaisugua, akaifunga, namba zikarudi. Jumamosi iliyofuata zikapotea tena. Safari hii ilikuwa nyaya za betri, zimelegea, umeme haufiki sawasawa. Akazikaza. Baada ya kazi Siagi alitoa mkate wa moto na chai, wakakaa miguu ikining'inia juu ya maji, wakaongea mpaka jua likawafukuza. Fundi alimweleza kuhusu ukumbi wa nyumba ya shangazi yake, anakotengenezea redio za watu huku wapwa wakimrukia zana. Siagi alimweleza jinsi mikate inavyojua siku ukiwa na hasira. Wote wawili walirudi makwao wakitabasamu barabarani bila sababu.

Wiki ya tatu kipima kikawa kizima kabisa, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Siagi hakuwa tena na sababu ya kupiga simu. Ijumaa akavumilia, akashindwa, akashuka mashuani, akainama, akazungusha pete ya plagi, akachomoa waya. Mimi simtetei. Halafu akapiga.

"Fundi, kimenyamaza tena."

"Wapi? Nilikiacha kinaongea vizuri."

"Labda kimekukumbuka."

"Acha maneno matamu. Skrini inaonyesha nini?"

"Vistari. Vistari vitupu. Hata moyo wangu unaonyesha vistari."

"Nakuja," alisema Fundi, akijikaza asicheke.

Alipofika gatini alikutana na Bi Nahodha, mama mkavu anayeongoza shule ya mashua za tanga. Bi Nahodha alikuwa amemwahidi kazi ya kutunza vifaa vya mashua kumi za shule kuanzia mwezi ujao, kazi ambayo Fundi aliisubiri miaka miwili.

"Mashua ileile?" Bi Nahodha akauliza. "Mara ya tatu hii. Sijui, binti yangu. Ngoja nifikirie upya."

Fundi alishuka ndani ya mashua. Akamulika plagi. Waya ulikuwa umelala pembeni, safi, bila kutu wala mkwaruzo.

"Hii pete imefunguliwa kwa mkono," alisema taratibu. "Nani?"

Siagi angeweza kumsingizia dada yake. Hakufanya hivyo. "Mimi. Nilitaka kukuona."

"Ungesema."

"Niliona aibu."

"Wewe umeona aibu, mimi ndiye nimeaibika. Yule mama alikuwa anipe mashua kumi. Sasa mimi kwake ni fundi wa kurudia kazi. Umechezea jina langu, Siagi, na sina kingine."

Aliondoka bila chai. Siku tano Siagi alipiga, hakupokelewa. Alituma ujumbe wa sauti, na kila ujumbe Fundi aliusikiliza mara mbili kisha akauacha bila jibu. Alimpenda, hilo alilijua, na ndiyo maana iliuma.

Dada yake Siagi, mwenye nusu ya mashua na mdomo mzima, alimkuta amekaa juu ya gunia la unga.

"Mwanamume na ndevu zako," akamwambia. "Badala ya kusema twende tukanywe chai, unachomoa waya. Sasa ulipoharibu ni wapi, kwa Fundi au kwa Bi Nahodha?"

"Kote."

"Basi inuka."

Siagi akainuka na aproni yake, akaenda mpaka shuleni, akasimama mbele ya Bi Nahodha na wanafunzi kumi na wawili. "Fundi hakukosea," alisema. "Kifaa kilikuwa kizima. Nilikichomoa mimi kwa mkono wangu, kwa sababu nampenda na nilikosa akili."

Wanafunzi waliangua kicheko. Bi Nahodha hakucheka. "Jumamosi asubuhi tunatoka na mashua yako mpaka kwenye mfereji wa maji madogo," alisema. "Kipima kikisema kweli, kazi ni yake. Nitampigia mwenyewe."

Jumamosi Fundi alisalimia kila mtu isipokuwa mmoja. Alikuwa amesharudisha plagi, na pale gatini namba zilisimama imara. Wakapandisha tanga, upepo ukaingia, mashua ikalala upande. Namba zikageuka vistari.

"Mfereji uko mbele," alisema Bi Nahodha. "Dakika kumi."

Fundi alimtazama Siagi aliyeshika usukani. "Umegusa kitu?"

"Sijagusa."

Hilo lilikuwa neno lao la kwanza kwa wiki nzima. Muda ulitosha kuangalia sehemu moja tu. Kama Siagi anadanganya, tatizo liko kwenye plagi. Kama anasema kweli, kufungua plagi ni kupoteza kazi. Fundi bado alikuwa na hasira naye. Lakini alikumbuka kwamba siku ile alipomuuliza nani, alijibu bila kuzunguka. Akaiacha plagi, akainua mbao za sakafu.

Sikio la kipima lilikaa ndani ya kisanduku kilichojazwa mafuta, maana mlio haupiti vizuri kwenye hewa. Kisanduku kilikuwa na ufa, mafuta yamevuja polepole mpaka nusu. Mashua ikisimama wima, mafuta yanalifunika sikio. Ikilala, yanakimbilia upande mmoja na sikio linabaki kwenye hewa. Fundi akaziba ufa kwa utepe, akatoa mkobani chupa ya mafuta ya nyonyo anayopaka nywele, akamimina yote, akatoa mapovu kwa kidole.

"Nne nukta mbili," Siagi akasoma juu.

Bi Nahodha akateremsha kamba yenye uzito, akahesabu alama zake kwa vidole. "Mita nne na shibiri moja," alisema. "Binti, unaanza Jumatatu."

Waliporudi gatini Fundi alimwambia Siagi, "Asante kwa kusema kweli," akaenda na Bi Nahodha kuziona mashua kumi. Siagi alidhani yameishia hapo. Usiku ule alioka mikate ikaungua.

Jumapili mchana simu ya Fundi ikalia, na safari hii akapokea.

"Nini kimeharibika?"

"Hakuna," Siagi akasema. "Kipima kinasoma. Taa zinawaka. Pampu inavuta. Nimekagua vyote."

"Sasa unanipigia kwa nini?"

"Kwa sababu nakupenda, nataka tuoane, na sitaki kutafuta kisingizio kingine cha kukwambia."

Fundi aliweka chini redio aliyokuwa akiitengeneza. Wapwa zake walikuwa wamemzunguka wakisikiliza. "Uko wapi?"

"Mashuani."

"Usiondoke. Maneno hayo hayasemwi kwenye simu, mpenzi."

Alifika na gauni la njano, nywele wazi, viatu mkononi, akaruka ndani ya mashua akasimama mbele yake.

"Haya. Hakuna kilichoharibika na nimekuja. Sema tena, nikikuangalia."

Siagi akasema tena, yote, bila kuangalia pembeni. Fundi alimwacha amalize, kisha akasema ndiyo.